Magunia Yaliyochimbwa Shuleni

Siku koperative yetu ya wachimbaji iliponikabidhi simu ya lebo, nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa nilikuwa na nauli ya pikipiki. Nilitaka Kolwezi nzima inione. Ilikuwa simu nene ya kijivu, yenye mpira pembeni ili isipasuke ikianguka, na shingoni nilining'iniza kadi yenye picha yangu na muhuri wa serikali. Kwa miaka kumi nilikuwa nimewauzia wachimbaji maharage na bukari, ugali wetu wa huku. Sasa nilikuwa mwandishi wa lebo, mtu ambaye bila uso wake gunia la kobalti haliendi popote. Nilifurahi mpaka nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya duka la matairi, na muuzaji akaniuliza kama niko salama.

Ili nieleweke, inabidi nirudi nyuma kidogo. Kwa miezi mingi kobalti ilikuwa imekatazwa kutoka nchini. Amri ilitoka Kinshasa, kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imeanguka na wakubwa walitaka ipande. Siasa mimi sizijui sana, ila najua kwamba wiki ile ya amri sufuria yangu ya maharage ilirudi nyumbani imejaa. Kisha mlango ukafunguliwa nusu: kila mnunuzi na kiasi chake, na kila gunia liwe na lebo inayosema limetoka shimo gani, siku gani, mikononi mwa nani. Huko ng'ambo nako walikuwa na sheria zao. Anayenunua gari la umeme hataki kusikia kwamba ndani ya betri yake kuna jasho la mtoto, na ana haki. Tena wapo wahandisi wanaotafuta betri isiyohitaji kobalti kabisa. Wakifanikiwa kidogo tu, bei huku inashuka kabla sijamaliza kumenya vitunguu. Hayo yote nilikuwa nayasikia kwa miaka, kati ya sahani na sahani, na sasa nilikuwa nimeingia ndani yake na simu mkononi.

Nilichaguliwa kwa sababu mbili. Nilimaliza sekondari, na mnunuzi wetu wa ng'ambo alikuwa ameandika kwenye mkataba kwamba wanawake nao wapewe kazi. Kwenye mkutano wanaume walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali moja dogo, hata mimi mwenyewe: mwanamke atafikaje kwenye shimo?

Kwetu, upande wa Mutoshi, kuna kamba imefungwa kuzunguka machimbo, na mwanamke haivuki. Wanasema mwanamke akisogelea shimo, madini yanakimbia. Mume wangu alikuwa akishuka kwenye shimo letu tangu lilipofunguliwa, na mimi sikuwa nimeliona hata siku moja. Sikuamini habari hizo, lakini sikuzipinga pia. Nilizifuata tu, jinsi ninavyovua viatu mlangoni kwa watu.

Kijana aliyekuja kutoka Lubumbashi kutufundisha alisema mara mbili, tena polepole: lebo inafungwa kwenye mdomo wa shimo, si mahali pengine. Unaifunga kwa waya, unapiga picha, simu inakuomba uso wako, unaitazama na kupepesa macho, basi, inatuma yenyewe. Sote tuliitikia kwa vichwa. Alipoondoka, mkubwa wa shimo letu alinisogelea. Huku kwetu mkubwa wa shimo huitwa Pedeje, cheo walichokiazima kwa wakurugenzi wa makampuni, na yeye alikibeba cheo hicho kwa uzito wote, ingawa suruali yake ilikuwa na matundu magotini.

"Mama mapasa," aliniambia, maana nina watoto pacha na hivyo ndivyo wanavyoniita kwa heshima, "usisumbuke. Weye ikala ku kivuli yako. Magunia njo itakuya kwako."

Nikaona ni adabu nzuri. Kivuli changu kilikuwa turubai la bluu lililoegemea ukuta wa shule ya msingi, mwendo wa dakika kama kumi kutoka kwenye kamba, pale tunapokaa sisi wauzaji wa chakula. Basi vijana wakaniletea magunia kwa mgongo, na mimi nikakaa kwenye kiti changu, nikafunga lebo, nikapepesa macho. Kulia sufuria, kushoto kobalti ya dunia. Sikumbuki wiki niliyoifanya kazi kwa furaha kama ile.

Lori lililokuja kubeba lilikuwa la jirani zangu. Ni familia ya Waislamu ambao wazee wao walitoka Maniema, watu wa biashara na usafiri, na nyumba yao imepakana na yangu. Mume tulikuwa tukisalimiana. Mke, hapana. Kwa miaka miwili mimi na mama huyo hatukuwa tumepeana hata habari za asubuhi, na sababu ilikuwa kitenge.

Kilikuwa kijani, chenye ndege wa manjano. Mama yangu aliniletea siku nilipojifungua pacha, na mwaka uliofuata akafariki. Siku moja nilikianika kwenye kamba iliyo mpakani mwa nyua zetu, nikaingia ndani kuwaogesha watoto, nilipotoka hakipo. Aliyekuwa uani alikuwa yeye peke yake, anapepeta mchele. Nilisema maneno, tena kwa sauti, na mtaa mzima ukasikia. Mimi nikiwaka siwezi kujizima, hilo nalijua. Yeye alisimamisha ungo akasema, "Mi sikukamata kitenge yako. Mungu anaona." Hakuongeza kitu. Nikachukulia ukimya wake kuwa ndio ushahidi.

Kwa hiyo lori la mumewe lilipoondoka na magunia yetu sabini, mama yule alisimama upande wake wa barabara na mimi wangu, wote tukilitazama. Wachimbaji walipiga mluzi. Yalikuwa magunia ya kwanza ya koperative kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa ng'ambo, bila mchuuzi wa katikati anayekuambia madini yako ni udongo. Nilihisi kama mimi mwenyewe nimepanda juu ya turubai.

Kesho yake lori likarudi. Turubai lilikuwa bado limefungwa.

Kwenye depo ya mnunuzi, njia ya Fungurume, walikuwa wamesoma lebo mbili tu kisha wakafunga geti. Kabla dereva hajamaliza kueleza, simu yangu ikalia. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya mnunuzi, anapiga kutoka nchi ambayo asubuhi yetu kwao bado ni giza. Alizungumza Kifaransa, pole pole, na kila neno nililielewa.

"Mama, naitazama ramani," alisema. "Kobalti yenu yote inatoka kwenye shule ya msingi."

Nikageuka kuutazama ukuta nyuma yangu.

"Nakuuliza, na nijibu ukweli. Kuna watoto wanaochimba hapo?"

Simu ilikuwa imeandika kimyakimya mahali nilipokaa, gunia baada ya gunia, na mahali hapo palikuwa ukuta wa shule. Nyuma yangu wakati huohuo watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Namna wanavyoogopa neno "watoto" huko ng'ambo, ingekuwa heri ramani iseme kobalti yetu imetoka mbinguni.

Nikamweleza yote: kamba, mila, kivuli, adabu ya Pedeje. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwandishi wa shimo hajawahi kuliona shimo?" Nikasema, "Hajawahi." Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema atatupa muda mpaka Ijumaa saa sita mchana. Magunia yafungwe lebo mpya kwenye mdomo wa shimo, na yeye atazame kwa video mwanzo hadi mwisho. Ikishindikana, nafasi yetu kwenye kiasi cha mwezi ule inakwenda kwa koperative nyingine, na jina letu linaingia kwenye orodha ambayo ukishaingia hutoki kirahisi.

Ilikuwa Jumatano. Wanaume walikusanyika chini ya turubai langu na akili zao zote zikaanza kazi. Wa kwanza akasema simu ichukuliwe na Pedeje. Tukampa, akaenda nayo, simu ikaomba uso wangu, akarudi. Wa pili akasema simu ipelekewe picha yangu. Wakachukua picha ya harusi iliyokuwa sebuleni, na fremu yake, wakaenda nayo hadi shimoni kwa heshima kama msafara wa bibi harusi. Nusu saa baadaye walirudi wamenuna.

"Inasema ipepese macho," Pedeje alisema.

"Picha ya harusi?"

"Tulingojea kidogo."

Nilicheka hadi machozi. Wao hawakucheka. Wa tatu akasema tuandikishe mwanaume badala yangu, lakini ofisi ya mkoa ingehitaji wiki kadhaa na mihuri mitatu. Alhamisi ikafika. Umeme ukakatika mtaani, ule umeme wa bwawa la Nzilo unaopita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na ikabidi nichaji simu kwenye betri ya lori la jirani. Hapo ndipo niliposema lile ambalo wote walikuwa wanalikwepa.

"Mi naenda ku shimo."

Nilitegemea Pedeje ndiye atapinga. Aliyeruka alikuwa mume wangu.

"Bibi yangu haingiake kule," alisema. "Hata kwa dakika moja. Hapana."

Nilimshangaa. Huyu ni mtu anayecheka mila za watu, anayenyoa nywele siku ambayo mama yake alimkataza. Sasa alikuwa anatokwa jasho kwenye kivuli. Pedeje naye alikuwa anatazama chini. Nikafikiri ni hofu ya madini tu, na hofu hata mimi nilikuwa nayo, ila ya namna nyingine, nisidanganye. Sikuogopa madini yatakimbia. Niliogopa kwamba mshipa wa madini ukiisha, na kila mshipa huisha siku moja, nitakuwa mwanamke aliyeufukuza. Watoto wangu wangeambiwa hivyo sokoni. Mama mapasa ndiye aliyeua shimo. Na nisipoenda, magunia sabini yangebaki udongo mzito, na kila mtu aliyekula maharage yangu kwa miaka kumi angekosa mnunuzi. Usiku ule nilikasirika kitandani, na asubuhi nikaamka bado nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonivusha kamba.

Ijumaa saa mbili lori lilikuwa limerudisha magunia hadi kwenye kamba. Jirani mwenye lori alitaka kuondoka kabla ya sala ya mchana, kwa hiyo hakukuwa na muda wa maneno. Vijana wakayabeba magunia kurudi shimoni, mmoja baada ya mwingine, wakilaani kwa pumzi fupi. Sijawahi kuona watu wakirudisha madini nyumbani kwao. Pedeje alishika simu yake juu, na ndani ya kioo mwanamke wa ng'ambo alikuwa amekaa na kikombe chake, anatazama. Mimi niliinama, nikapita chini ya kamba. Moyo ulikuwa unanidunda, na ukweli ni kwamba ulikuwa unadunda kwa raha. Miaka kumi! Nilitaka kuona kila kitu: mahema ya plastiki juu ya mashimo, ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, vijana kutoka Kasai, kutoka Kivu, kutoka kila pembe, wakiacha kazi kunitazama napita.

Shimo letu lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria. Lilikuwa mdomo tu, upana wa meza yangu, na juu yake magogo mawili na mhimili wa kuviringishia kamba. Nikachungulia. Hewa ya chini ilikuwa na joto na harufu ya mawe mabichi. Nikamwaza mume wangu humo, kila siku.

Nilipoinua kichwa ndipo nilipokiona. Kwenye gogo la kushoto, pale ambapo kila mtu hushika kabla ya kushuka, kulikuwa kumefungwa kitambaa. Kilikuwa kimepauka, kimejaa vumbi na madoa ya shaba, lakini ndege wa manjano walikuwa bado wanaonekana. Pembeni kulikuwa na alama ya pasi, pembe tatu ya kahawia, niliyoiunguza mwenyewe.

"Hii ni nini?"

Mume wangu alikuwa ameganda na gunia begani.

"Nauliza, hii kitenge inafanya nini hapa?"

Pedeje alikohoa. "Wakati tulifungua shimo," alisema, "ilikuwa lazima nguo ya mama wa mapasa. Njo inaletaka bahati. Na mwenyewe hapaswi kujua, akijua haina tena nguvu. Donc, bwana yako alikamata."

"Ku kamba yangu."

"Ku kamba yako."

"Na miye munanikataza kufika, na nguo yangu munaishika kila asubuhi?"

Pedeje alifikiri jambo hilo kwa dhati, nikaona kabisa kwamba lilikuwa halijawahi kumpitia kichwani. Kutoka kwenye simu yake sauti ya mbali ikauliza kwa Kifaransa kama kuna tatizo la usalama. Nikamwambia hapana, bibi, ni mambo ya kitenge, endelea kutazama.

Kisha nikamgeukia mume wangu. Alikuwepo siku ile. Alinisikia nikimtukana jirani mtaa mzima ukisikia, akaingia ndani akawasha redio. Miaka miwili alinitazama nikigeuza uso nikikutana na mama yule. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, na mwanamke wa ng'ambo aliyasikia, na namshukuru Mungu hajui Kiswahili.

"Niliogopa shimo itatuangukia," alisema mume wangu kwa sauti ndogo. "Mi sikuwaka naamini. Mais ukishashuka kule chini, unaaminiaka kila kintu."

Hilo nililielewa, nikiwa nimechungulia humo dakika chache kabla. Halikunipunguzia hasira, ila nililielewa. Nikaanza kufungua fundo. Pedeje akanyoosha mkono kunizuia, akaurudisha.

"Mama mapasa, tutashika nini sasa?"

"Mi nitakuwa hapa kila asubuhi," nilisema. "Mutanisalimia."

Nikajifunga kitenge changu kiunoni na vumbi lake lote, nikapiga magoti kwenye gunia la kwanza. Waya, picha, uso. Nikapepesa macho. Alama ya kijani ikatokea, na kwenye ramani kidoto changu kilikuwa kimesimama juu ya shimo, mbali na shule. Vijana waliinama kutazama kidoto kile kama watu wanaotazama mpira. Gunia la pili, kijani. La kumi, kijani. Lilipofika la sabini magoti yalikuwa yameniuma, na mwanamke wa ng'ambo aliinua kikombe chake kwetu. Lori liliondoka kabla ya adhana.

Mtauliza kama madini yalikimbia. Kwa wiki tatu kila aliyepanda kutoka chini alitazamwa usoni. Mshipa ukaendelea. Shimo la tatu kutoka kwetu likaisha lenyewe, bila mwanamke yeyote, na Pedeje wake akaja kunibembeleza nikasimame pale walau asubuhi moja. Nikamwambia aniache na upuuzi wake, nina kazi.

Lakini Ijumaa ile, lori lilipoondoka, sikwenda nyumbani kwangu. Niliingia ua wa jirani. Alikuwa anakaanga samaki. Aliponiona hakusimama, wala hakunikaribisha. Nikakifungua kitenge kiunoni, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mama, nilikukosea. Ilikuwa ku shimo. Bwana yangu njo alikamata."

Alifuta mikono, akakikunjua kwenye mapaja. Akapitisha kidole juu ya madoa ya shaba, na juu ya alama ya pasi. Mafuta yalikuwa yanaunguza samaki wake na hakuyaangalia.

"Miaka mibili," alisema, "sipitake ku njia yetu ya mbele. Nikienda ku soko nazungukaka nyuma, mbali, juu batu wasinione. Ulijua ile?"

Sikuwa najua. Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo, nikalia mbele yake bila kujificha. Aliniacha nilie. Kisha akakunja kitenge mara mbili, mara nne, akakiweka nyuma yake kwenye kigoda.

"Tena haiko hata muzuri sana," alisema. "Ndege gani ile. Hii itabakia kwangu."

Nikasema sawa. Leo asubuhi, nikienda shimoni na simu yangu, nilikiona kimeanikwa kwenye kamba ileile, upande wake.